Dohani ya Nyumba ya Karani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba, tufe la chuma na brashi ya mviringo iliyofanana na nungunungu, nikaambiwa nipande juu ya paa. Ilikuwa Kwale, kule juu mlimani, kwenye nyumba za maofisa, miezi michache kabla ya bendera kubadilishwa. Mimi nilikuwa nimeomba kazi ya kupaka rangi. Nilipomkumbusha Bwana Mkaguzi wa Majengo, Mzungu mrefu aliyekuwa tayari amefunga masanduku ya kurudi kwao, alinijibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Rangi iko. Nyeusi. Panda."

Jioni mama yangu alinipokea mlangoni akapiga ukelele. Nilipomweleza kwamba nimeajiriwa kufagia dohani, yaani lile bomba la kujengwa linalotoa moshi jikoni na kuupeleka juu ya paa, alikaa kitako akacheka. "Joto lote hili la Mungu, na bado watu wanajengea moto nyumba?" Hakuwa na makosa sana. Lakini Kwale si Diani. Mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka mlangoni, na Wazungu walijijengea majiko ya chuma ndani ya nyumba kana kwamba hawakuwahi kuondoka kwao. Walipoondoka kweli, waliyaacha majiko yakiwa ukutani, na serikali mpya ikawagawia makarani wetu nyumba hizo pamoja na dohani zake.

Aliyenifundisha kazi ni Nyapara wetu, Mzee Bakari, mwenyeji wa Msambweni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinionyesha kwanza kuziba mdomo wa jiko kwa shuka iliyoloweshwa, ili masizi yasiingie ndani ya nyumba ya watu. Halafu unapanda paa, unashusha tufe la chuma likitangulia brashi, unapandisha na kushusha mpaka linapita bila kukwama. Pale ambapo dohani ina kona, unatumia fito za kuunganisha. Fito hizo nilizihesabu zikiingia, nikazihesabu tena zikitoka, kwa sababu ufito uliosahauliwa ndani ni kuni inayongoja cheche. Mwisho unapiga magoti jikoni, unaingiza kioo cha kunyolea, unatazama juu. Ukiona duara la mbingu, kazi imekwisha. Usipoliona, hata kama umefagia mpaka mikono imekufa ganzi, hujafanya kitu.

Mzee Bakari alinifundisha pia kwamba masizi si ya namna moja. Yako ya vumbi, hayo yanafagiliwa na mtoto. Na uko utando mweusi unaong'aa kama lami, ambao hautoki ila kwa kukwanguliwa. Huo huletwa na kuni mbichi, na kwetu hapa huletwa zaidi na vifuu na makumbi, maana nazi ina mafuta mpaka kwenye maganda yake. Utando ule ukishika moto, dohani hunguruma kama lori linalopanda mlima. Niliiona moja Matuga. Cheche zilirukia banda la makuti la uani, na ndoo ya kwanza ya maji ilipofika, banda lilikuwa limebaki nguzo.

Kwa hiyo kanuni ilikuwa hii: anayechoma kuni afagiliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na tena kabla ya vuli. Anayechoma vifuu asingoje hata hapo, akiona moshi unarudi jikoni au lami inachirizika ukutani. Nyumba iliyokaa bila mtu isiwashwe moto kabla dohani haijatazamwa, kwa kuwa popo na ndege hawalipi kodi na hawagongi hodi. Watu wengi waliielewa kanuni hiyo. Ambaye hakuielewa ni mtu wa makaa.

Baada ya uhuru tulihamishiwa Msambweni, chini ya Mkaguzi mpya, kijana wa bara, mkali lakini mwenye haki. Katika nyumba zetu kulikuwa na moja ya matofali, iliyoachwa na Mzungu pamoja na jiko lake, waliyokaa Karani Omari na mkewe, Bi Mwanasha. Hawakuwa wamekaa ndani ya ndoa muda mrefu. Karani alikuwa mcheshi, mtu wa kupendwa, na ukitaka kumshinda kwa maneno uamke mapema. Tulipofika kabla ya masika alitupokea barazani na kahawa, akatukataza kuvuka mlango.

"Mzee Bakari, mnataka kufagia nini? Sisi hapa hatuchomi kuni. Kupika tunapika uani. Hilo jiko la Mzungu mke wangu hulitia makaa tu, siku za mvua. Makaa hayana moshi. Mtafagia kivuli?"

"Tutatazama tu, bwana," nikasema mimi, maana kupatana bei ndiyo karama niliyozaliwa nayo. "Brashi tutaiacha hapa hapa kwenye ngazi. Kioo kimoja, macho mawili, tunaondoka."

"Nawajua mafundi. Mkitazama hamkosi la kutengeneza."

"Basi tutazame nusu."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Na nusu nyingine mtaniuzia lini? Nendeni, ndugu zangu. Popo walikuwako, nimekwisha kuwakomesha mwenyewe. Rudini mwakani."

Mzee Bakari alijaribu tena kwa upole, akakataliwa kwa upole vile vile. Hatukuwa na amri ya kuingia nyumba ya mtu kwa nguvu. Tulimaliza kahawa, tukaenda nyumba ya pili.

Masika yalipokaza, tukiwa tunatengeneza paa huko Kombani, tulipata habari kwamba Karani Omari amefariki. Alikuwa na homa, akalala, asubuhi hakuamka. Watu walisema malaria, wengine wakasema mambo mengine ambayo sitayaandika. Tulirudi Msambweni kuhani. Pale matangani, mmoja wa waliomwosha marehemu alimwambia Mzee Bakari, kwa sauti ya chini, kwamba katika umri wake wote wa kuosha maiti hajaona ya namna ile: midomo na kucha zilikuwa nyekundu, kama za mtu aliyetoka kukimbia.

Tulipotoka Mzee Bakari akaniuliza, "Mjane naye yukoje?"

Nilikuwa nimesikia. Bi Mwanasha yumo ndani, amekaa eda, jiko likitiwa makaa kila usiku wa mvua, na kila asubuhi anaamka na kichwa kinachopasuka na kutapika. Wanawake walisema ni huzuni. Wengine walinong'ona kwamba huenda ni mimba. Lakini akikaa uani kutwa, jioni huwa afadhali.

"Huzuni haijui uani na chumbani," akasema Mzee Bakari.

Hapo nieleze, kwa kuwa hata leo wapo wasiojua. Makaa yanapoungua hutoa hewa ambayo haina rangi, haina harufu, haikereketi macho. Dohani ikiwa wazi, hewa hiyo hupanda na kwenda zake. Dohani ikizibwa, hujaa chumbani kimya kimya, na aliyelala haamki kuuliza kuna nini. Kuni zingewatoa watu mbio kwa moshi. Makaa huwaacha wamelala, midomo myekundu.

Kesho yake tulipiga hodi. Alitoka Shangazi Bi Tumu, dada wa baba wa marehemu, aliyekuja kumlea mjane mpaka eda iishe. Mama huyu alikuwa mdogo kwa umbo, lakini alikijaza kizingiti chote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mnataka nini na vyuma hivyo kwenye nyumba ya msiba?"

Nikamwambia tumekuja kutazama dohani.

"Mwari wangu yumo edani, nyinyi wanaume mnataka kuingia jikoni, ukuta mmoja na anapolala? Mna akili? Rudini eda ikiisha."

"Shangazi, eda ni miezi minne na siku kumi. Hatufiki huko."

"Nani hafiki?"

Nikaanza kupatana. Nikasema hatutavuka mlango. Akasema hata paani mtachungulia. Nikasema tutapandia nyuma, na khanga itatundikwa dirishani. Akasema masizi yatamwagika jikoni. Nikasema shuka ya kuziba jiko tunayo, ataiweka yeye kwa mikono yake, na sisi tutamwelekeza kwa sauti kutoka nje. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ulikuwa unauza samaki?"

"Hapana, shangazi."

"Umepoteza riziki. Haya. Ila sauti yako isipite ya kuelekeza shuka."

Nikapanda. Tufe la chuma lilishuka kidogo tu likagonga kitu laini. Si masizi, wala si kiota cha ndege. Nikachukua ufito wenye kulabu, nikavuta, kikasogea, kikakwama, kikatoka. Lilikuwa gunia la mchele, limekunjwa vizuri, limejazwa makumbi na kufungwa kwa kamba ya usumba wa nazi, fundo juu ya fundo. Kazi nzuri kabisa. Nikaliangusha uani.

Shangazi akatoka kulitazama. "Gunia limefikaje huko juu?"

Kabla hatujamjibu, sauti ilitoka nyuma ya khanga dirishani, sauti changa, iliyokauka.

"Shangazi, hilo ni letu. Mwenyewe alipanda kuwazibia popo."

Nilishuka ngazi. Ile sauti ikaendelea, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Alikuwa anatetemeka kwa homa, nikamlaza karibu na jiko. Nikafunga madirisha, mvua ilikuwa inaingia. Nikatia makaa mengi." Kisha ikauliza, "Ni moto wangu?"

"Nyamaza, mwanangu," Shangazi akasema. "Siku yake ilifika."

Mzee Bakari aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo, na nadhani wakati ule asingeweza kusema kweli pia. Nilifikiri: nikimwambia hapana, atawasha tena usiku huu huu, amefunga madirisha. Nikimwambia ndiyo, ataishi na neno hilo.

"Bi Mwanasha," nikasema, "moto wako haukuwa na kosa. Dohani ingekuwa wazi, ungempasha joto tu. Kilichoua ni kuzibwa. Tafadhali, makaa usitie tena chumba kilichofungwa, hata kidogo, hata kukiwa na baridi namna gani. Na maumivu ya kichwa chako wewe yanatoka hapo hapo."

Nikadhani yamekwisha. Halafu akauliza lile ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Na kutazama dohani ni kazi ya nani? Mbona hamkuja kabla ya mvua?"

Mzee Bakari akanitazama. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na lilikuwa la kweli: tulikuja, mumeo akatupa kahawa akaturudisha. Mtu mwenyewe alikuwa chini ya ardhi, na gunia lake liko hapo miguuni petu. Nikaona kwamba yule binti alikuwa amekwisha kupata moto wake na gunia la mumewe, vyote viwili kwa siku moja.

"Tulichelewa, Bi," nikasema. "Zamu yenu ilitupita."

"Basi ni nyinyi."

"Ndiyo, Bi. Ni sisi."

Tulipofika barabarani Mzee Bakari alisimama. "Kwa mara ya kwanza," akasema, "nimekuona ukikubali bei ya kwanza."

Bei yenyewe ilikuja kwa awamu. Shangazi alikwenda ofisini kulalamika, kama ilivyokuwa haki yake. Mkaguzi aliniita. "Ulisema hivyo mbele ya watu?" Nikasema nilisema. "Ilikuwa kweli?" Nikanyamaza. Alikuwa hakimu mwema, lakini hakimu hapewi kimya akakigeuza ushahidi. Mzee Bakari alipostaafu, unyapara ambao ungekuwa wangu ulipewa mwingine, nami nikarudishwa Kwale kwenye brashi yangu mpaka mwisho wa utumishi.

Sasa majiko yale yameng'olewa mengi, lakini naona nyumba mpya za wageni kule Diani zinajengwa na dohani, na wenye nyumba huniambia lile lile: yangu haina moshi. Mimi huwajibu wafagie, na kabla ya kufagia watazame, na kama wanatumia makaa watazame mara mbili. Wakikataa, hukaa barazani kwao mpaka wachoke nami. Nimeambiwa nina uso mkavu. Uso huo nilichelewa kuupata.

Bi Mwanasha aliolewa tena Kombani, akazaa, akafa juzi kwa uzee katika kitanda chake. Ndiyo sababu nimeandika. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa sokoni. Alikuwa na mkwewe, akaninyooshea kidole bila kupunguza sauti: "Yule mzee unayemwona ndiye aliyemuua mume wangu wa kwanza." Watu wakageuka. Mimi nilikuwa nachagua muhogo. Nilimtazama kidogo tu, kwa adabu: alikuwa amenenepa, na pumzi yake ilikuwa nzuri.