Mtoto Aliyerukwa Kati ya Kurasa

Naikumbuka Jumatano moja ya miaka ya tisini, mwanangu, siku ambayo mtoto wa mwaka mmoja alinifundisha kazi niliyodhani naijua. Yeye mwenyewe hakusema kitu, alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake. Waliosema ni wengine, na mimi nilisema kuliko wote.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na cheti cha kompyuta, na kichwa kimevimba kidogo. Kliniki moja ya watoto, yenye tawi Thika na lingine Ruiru, iliniajiri niitengenezee orodha ya watoto wake. Kila tawi lilikuwa na kompyuta yake na majina yake. Kompyuta ya Thika iliipigia ile ya Ruiru kwa laini ya simu, majina ya pande mbili yakaungana, yakaonekana kama orodha moja, ishirini kwa kila ukurasa. Wauguzi walikuja kutazama. Nami nilikaa pale kama bibi harusi.

Sasa sikia nilivyoipanga. Ukitaka ukurasa wa kumi, Thika inaiambia Ruiru ihesabu kutoka mwanzo, ilete majina yote mpaka kurasa kumi zitimie. Yenyewe nayo inahesabu vivyo hivyo. Kisha inachanganya malundo hayo mawili, inayapanga kwa alfabeti, inazitupilia mbali kurasa tisa za kwanza na kukuonyesha wa kumi. Ukurasa wa kwanza ulikuja kabla hujakohoa. Ukitaka wa thelathini, ungeweza kwenda kununua mandazi na kurudi. Mimi nililaumu simu.

Meza ya pili alikaa Mama Zubeda, karani wa rekodi, mkazi wa mtaa wa Landless pale Thika, aliyetunza kadi za watoto tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Aliwahi kuniuliza kwa nini naibebesha mashine mzigo wa kwenda kutupwa. Nikacheka. Penye wazee haliharibiki neno, lakini kijana mwenye cheti hamwoni mzee, anaona mtu asiyejua kompyuta.

Basi friji ya chanjo iliyotumiwa na matawi yote mawili ikaharibika, wiki kadhaa zikapita bila watu kutambua. Chanjo ya surua iliyotolewa wiki zile haikumdhuru mtoto yeyote, ila haikuwa na nguvu ya kumkinga, na surua ilikuwa imeanza kusikika mitaani. Ikabidi watoto wote wa wiki zile waitwe tena. Mimi nikawa nasoma majina kwenye kioo cha kompyuta, Mama Zubeda anaandika barua, wahudumu wanazipeleka manyumbani. Kila aliyekuja akachanjwa, jina lake lilifutwa, ili kwenye orodha wabaki wanaongojewa tu.

Jumatatu tulisoma mpaka mwisho wa ukurasa wa sita. Jumanne asubuhi nikafungua wa saba, tukaendelea hadi tukamaliza. Bandu bandu huisha gogo, nikajinunulia soda ya kujipongeza.

Jumatano akaja mama mmoja wa Landless na mapacha wake. Alikuwa amempakata Hassan, Hussein yuko mgongoni. Mkononi alikuwa na barua moja, ya Hassan. Akauliza kwa upole kama Hussein naye achanjwe. Nami, bila hata kuinuka kitini, nikamjibu kwamba kompyuta imemtaja Hassan tu, kwa hiyo Hussein hana shida. Yule mama akaniangalia.

"Walichanjwa siku moja, dada," akasema. "Walilia pamoja."

Alikuwa tayari kuondoka, maana watu waliheshimu kompyuta siku hizo. Mama Zubeda akamwomba angoje. Akavuta droo, akatoa kadi mbili: tarehe moja, chanjo moja. Hussein akapelekwa kwa muuguzi nyuma ya ndugu yake, na kwa kweli walilia pamoja tena. Kisha Mama Zubeda akanigeukia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu Jumatatu tuliishia wapi.

Nikamwambia tuliishia ukurasa wa sita.

"Tuliishia kwa Hassan," akasema. "Jioni ile, saba kati ya tuliowaandikia wakachanjwa, wakafutwa. Waliobaki wakasogea juu. Ukurasa wa saba wa Jumanne si ule wa Jumatatu, Njoki. Umeruka watoto saba, na Hussein ndiye wa kwanza wao."

Hapo ndipo nilipoinuka kitini, mwanangu. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Akasema yeye humkumbuka mtu wa mwisho, hahesabu kurasa. Nikatafuta pa kujitetea: na huyo wa mwisho akifutwa je?

"Hata Hassan akifutwa, anayekuja baada ya jina lake ni yule yule," akanijibu. "Na kama majina yamefanana, angalia namba ya kadi. Mimi hapa nina akina Wanjiku kumi na watatu."

Kuuliza si ujinga, nikakaa kando yake. Siku hiyo hiyo nikairudia orodha nzima kwa njia yake, kadi kwa kadi. Walikuwa saba, kama alivyosema. Watano walipatikana Landless kufikia kesho yake. Hussein alishachanjwa. Wa saba alikuwa amehamia Gatongora, upande wa Ruiru, nikaenda mwenyewe, nikauliza duka kwa duka mpaka nikaonyeshwa nyumba. Nyanya yake alinikaribisha chai kabla hajaniuliza nimefuata nini. Mtoto alikuwa mzima, ananivuta hereni, na siku hiyo hiyo akapelekwa kuchanjwa.

Wiki iliyofuata nikaandika upya kazi yangu. Sasa Thika na Ruiru ziliulizwa jambo moja: nipeni ishirini wanaofuata baada ya jina hili na namba hii ya kadi. Majina yalikuwa yamehifadhiwa kwa mpangilio, hivyo kila mashine ilikwenda moja kwa moja mahali pale, kama Mama Zubeda afunguavyo droo. Yakaletwa majina ishirini kutoka kila upande, nikayapanga, nikachukua ishirini ya mwanzo, nikaweka alama kwenye la mwisho. Ukurasa wa thelathini ukaja upesi kama wa kwanza. Ni kweli huwezi tena kurukia ukurasa wa thelathini bila kupitia kurasa zilizotangulia, lakini niambie, ni nani aliyewahi kuuhitaji?

Mama Zubeda alitazama, akasema, "Sasa imekuwa karani." Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo tangu hapo.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Orodha ya watu ni kitu kilicho hai, wengine wanaingia na wengine wanatoka wakati wewe unasoma, kwa hiyo usiamini idadi ya kurasa ulizopita. Shika jina la mwisho na namba isiyofanana na nyingine, uendelee kutoka hapo. Usiitishe kutoka mbali mzigo utakaoutupa. Na mtu akija mbele yako akasema mashine imemsahau, inuka kitini kwanza, umsikilize, halafu ndipo utazame kioo.

Mungu akupe akili nyepesi na sikio jepesi la kusikia wakubwa. Kazi yako iwafikie watu wote uliokusudia, hadi yule wa mwisho.