Bi Daftari na Siku Aliyoondoka Shemeji

Kazini walimwita Bi Daftari, na jina likamkaa. Alikuwa karani wa masjala hospitalini, mtu wa kusaka majalada ya wagonjwa kwenye rafu ndefu za chuma, na mfukoni mwake hakikukosekana kijidaftari. Mgonjwa akisema dirishani, "Goti limeniuma mpaka tumekosana," yeye alikuwa ameshaandika kabla hajamtafutia jalada. Mwenzake wa zamu aliwaonya watu kwa utani, "Semeni polepole, huyu atawatia kitabuni."

Kila siku saa kumi na moja alfajiri alikaa kwenye meza ya jikoni akaandika mpaka saa kumi na mbili na nusu. Ukurasa mmoja, uwe mzuri, uwe mbovu. Mwaka wa kwanza alikuwa akingoja mawazo yaje, na hayakuja. Wa pili akajizoeza kukaa tu, kalamu mkononi. Alisoma kila alichoandika kwa sauti ya chini, na palipomkwaza ulimi alipafuta. Hadithi saba alizituma kwenye majarida. Tatu zilirudishwa, nne hakusikia lolote.

Ya nane ikakubaliwa. Mhariri alimpigia simu mwenyewe. "Tunaichapa toleo lijalo. Nipe nakala ya mwisho Ijumaa mchana."

Furaha ilidumu kama dakika tano. Kisha akakumbuka kwamba hadithi ile ilimhusu dada yake.

Dada mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa fundi cherehani, waliishi nyumba moja, na wateja walipimwa nguo palepale sebuleni. Miaka sita nyuma, Jumamosi mchana kweupe, shemeji alifungasha nguo zake, akapita mbele ya majirani wote, akaenda zake moja kwa moja. Dada hakuligusia tena jambo hilo. Bi Daftari alikuwa ameliandika lote. Majina alibadilisha, kazi alibadilisha, lakini jirani yeyote angesoma mistari miwili akajua.

Jumatatu alitaka kumwambia dada, akaishia kumuuliza kama unga umebaki. Jumanne aliweka jalada la mzee wa miaka themanini kwenye rafu ya watoto wachanga. "Leo akili umeiacha wapi?" mwenzake akauliza. Jumatano aliinua simu amwambie mhariri waiache, akaishusha, akaiinua tena. Alfajiri zote hizo ukurasa ulibaki mweupe.

Alhamisi jioni dada alikuwa akipinda sketi, pini midomoni. Akazitoa moja moja.

"Mdogo wangu, siku nne unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Una nini?"

Bi Daftari akaleta karatasi. Alizitua tu juu ya kitambaa, akasimama karibu na mlango. Dada alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alifika ukurasa wa sita, akarudi wa tano.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo, dada."

"Hapa unasema nilianguka mlangoni nikalia. Nani alilia?"

"Mimi sikuwepo siku ile. Nilidhani..."

"Ulidhani!" Dada aliweka karatasi chini. "Miaka sita tunakula meza moja, hujaniuliza hata siku moja. Ukaona bora ukanilize kwenye karatasi."

"Niliogopa kukuumiza."

"Na hivi umenifanyaje?"

Bi Daftari akaketi sakafuni. Dada alichukua sketi, akapiga mishono mitatu, akaacha.

"Nilikuwa nakata koti la mteja," alisema bila kumtazama. "Nilipomwona anatoka, nikaendelea kukata. Mikono yote miwili ikatoka ya kushoto. Nikaishona hivyo hivyo, na vifungo nikaweka. Mteja alipokuja kujaribu ndipo sote wawili tukaona. Na andika vizuri: begi alilobebea nguo zake lilikuwa langu."

"Naweza kuliandika jambo hilo?"

"Sijui. Niache nilale nalo."

Ijumaa alfajiri Bi Daftari alikaa jikoni bila kushika kalamu, masikio yakiwa chumbani kwa dada. Saa kumi na mbili kasoro mlango ukafunguliwa.

"Liandike," dada akasema. "Lakini usinihurumie. Ukinihurumia nitajua."

Bi Daftari alifuta machozi yote ya ukurasa wa tano, akaandika mikono miwili ya kushoto kwa sentensi nne, akachelewa kazini. Mhariri alisema hapo ndipo hadithi ilipopata uhai.

Ilipochapwa, majirani wawili walisoma wakaja na macho ya kuulizauliza. Dada aliwapima nguo zao, akawaambia zitakuwa tayari Alhamisi. Jarida alilihifadhi kwenye droo ya vitambaa, na mpaka leo hajasema kama lilimpendeza.

Bi Daftari bado anaandika kila alfajiri, ila sasa ameazimia kuuliza kwanza. Ameanza nyingine, ya siku za mwisho za mama yao, ambazo dada alikuwapo na yeye alikuwa mdogo mno kukumbuka. Swali lipo tayari kwenye daftari, limeandikwa na kufutwa mara nyingi. Kila wakikaa kula, analifikiria, halafu anaomba apitishiwe chumvi.