Nguzo Niliyoifuta kwa Kipanya

Niliwahi kuondoa nguzo ya ghorofa nikiwa nimekaa kitini, chai mkononi.

Msicheke. Kazi yangu hapa Kizwite, Sumbawanga, ni kuremba picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Mchoraji ananitumia sebule imepauka, naifungua kwenye fotoshopu, naongeza jua, mapazia, zulia. Mteja akiiona anataka kuhamia siku hiyo hiyo.

Sebule ya Mama Kulsumu, mwenye duka la vitenge mjini, ilikuwa na nguzo katikati, imeziba sofa. Ilinikera. Nikaifuta. Dakika tano tu, haipo.

Mama Kulsumu alinitumia mioyo hadi simu yangu ikachoka.

Asubuhi moja ya Juni akanipigia. Siku hiyo walikuwa wanamwaga zege la ghorofa.

"Fundi Zenon nimempa picha yako, Munira," akasema kwa furaha. "Nimemwambia afuate hiyo, yale makaratasi ya michoro ayaache."

Ile nguzo ndiyo inayobeba ghorofa, na watu wangekuwa juu yake na zege lao bichi.

Nikarukia bodaboda na kandambili zangu. Baridi ile ya Sumbawanga mnaijua, lakini mimi jasho lilikuwa linanitiririka.

Nilikuta mashine inanguruma, ndoo zinapanda. Nikapenya chini, katikati ya mirunda, ile miti inayoshikilia zege bichi.

Nguzo ipo.

Niliikumbatia mbele za watu, sikuona aibu.

Mzee Zenon akanifuata. Shikamoo yangu ilitoka na kwikwi. Akaitikia, akatoa picha mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Nguzo umeitoa, mwanangu," akasema taratibu. "Ila kivuli chake umekiacha hapa kwenye zulia. Nikajiuliza, hiki ni kivuli cha nani? Nikarudi kwenye michoro."

Na mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka kwamba hata simu hajui kuiwasha. Nilinywea.

Mara Mama Kulsumu huyo, mikono kiunoni, anauliza nguzo inafanya nini sebuleni kwake. Nikakiri yote. Alinisema hadi nikatamani kuzikwa kwenye lile zege.

"Bila hiyo, mama," Zenon akamkatiza, "chumba chako cha kulala kingeshuka kukusalimia sebuleni."

Mama Kulsumu akashusha mikono, akaipapasa ile nguzo.

Siku hizi picha haitoki kwangu kabla Mzee Zenon hajaipitia.

Nanyi wenzangu wa kurembaremba: kitu kikikuharibia picha, kabla hujakifuta uliza kwanza kimebeba nini.