Carol Asoma Historia ya Baba

Carol wa Mulwa ndiye msomi wa hapa Kyumbi, na ole wako usahau. Kila akija nyumbani lazima awahubirie watu: dunia inarudi gizani, hamsomi, hamfikiri, mnameza tu kila mnacholetewa na simu. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Nani angebishana na digrii mbili?

Basi Mungu akamchukua mzee Mulwa, na Carol, kifungua mimba wake, akaachiwa kazi moja tu: kuandika historia ya marehemu na kuisoma kaburini. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho ya mtu, na Carol alitaka ya baba yake izungumzwe mpaka kule Wamunyu. Akakaa sebuleni, akawaza kidogo, akachoka. Akaiambia simu iandike. Ikaandika kabla chai haijapoa, Kiswahili sanifu kweli kweli. Hata hakuisoma yote. Ya nini, na imepangika hivyo?

Siku ya mazishi akashika maikrofoni mkono mmoja, simu mkono wa pili. "Baba aliishi kwa amani na majirani wote," akasoma. Muli, jirani aliyegombania mpaka wa shamba na marehemu hadi wakapelekana kwa chifu, akapaliwa na mate. "Alipenda kuogelea ziwani." Ziwa! Mulwa, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya tangi! Carol mwenyewe alishtuka, lakini mdomo ulikuwa umeshika kasi, ukasoma mpaka mstari wa mwisho: "Je, ungependa niongeze huzuni kidogo?"

"Amina!" waombolezaji wakaitikia.

Lo! Carol alitamani ardhi ipasuke immeze yeye kwanza, baba angoje.

Ndila, dada ya marehemu, hakucheka. Alisogea, akamshika mkono. "Mwana wakwa, mwanangu, weka hiyo kando. Tuambie wewe, kwa mdomo wako. Baba yako alikuwa mtu wa aina gani?"

Carol akafungua mdomo. Miaka yote hiyo mzee akimwongelesha, yeye alikuwa anajibu "mm" huku macho yakiwa kwenye simu. Akatafuta neno moja la baba yake, moja tu, akakosa. Aibu ikamchoma, na uchungu pia, maana alimpenda. Watu wakangoja. Kidole gumba kikaanza chenyewe kuiandikia simu: "Baba yangu alikuwa mtu wa aina gani?"