Sinia Moja, Kadi Moja: Mpishi wa Nyarero Aliyekaribia Kulifunga Jiko Lake

Saa tano na robo asubuhi, Elieth Waitara ameushika kwa mikono miwili mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Anasonga ugali wa udaga wa muhogo na mtama katika sufuria linaloweza kumeza mbuzi mzima. Jasho linamtiririka, lakini mdomo haupumziki. Anamtania mwenzake, Neema, kwamba dagaa wa leo wamekaangwa kwa huruma mno.

Hili ni jiko la tawi la chuo kikuu, pembeni mwa Nyarero, wilayani Tarime. Elieth ana miaka 46 na ni mpishi mkuu hapa kwa mwaka wa kumi na moja. Muhula huu nusura jiko limponyoke, na aliyekuwa akiliponyosha ni yeye mwenyewe, bila kujua.

Zamani kila mwanafunzi wa bweni alilazimika kulipia milo mitatu kwa siku, ale asile. Wanafunzi walilalamika miaka na miaka. Mwaka huu baraza la chuo likabadili utaratibu: wanaolazimika ni wa mwaka wa kwanza tu, tena chakula cha mchana peke yake. Wengine wakipenda, wanachukua kadi kwa hiari.

Kadi hutobolewa tundu moja kwa kila mlo. Baraza lilitoa siku ishirini za majaribio. Ikionekana wanaokula hawafiki mia mbili kwa siku, basi hata hiyo lazima iliyobaki itafutwa na jiko lifungwe.

Kwa Elieth hilo halikuwa jambo dogo. Kwao ni Matongo, na kabla ya kuja hapa aliponda mawe ya dhahabu kwa nyundo miaka tisa, akivuta vumbi lililomwachia kikohozi hadi leo. Mshahara wake wa shilingi 210,000 kwa mwezi ndio unaomsomesha binti yake uuguzi.

"Nilishasema nyundo sitaishika tena," anasema. "Sasa nasikia jiko linafungwa. Nikajiuliza, nirudi kuponda na kifua hiki?"

Siku ya kumi na moja matundu yalihesabiwa. Wastani ulikuwa watu 86. Elieth hakuelewa, kwa sababu kila siku sufuria zilirudi tupu, na ukoko wenyewe uligombewa.

Mshauri wa wanafunzi, Honoratha, mzaliwa wa Bukoba, naye hakuelewa. Mchana huo akaja kujionea. Alimwamkia Elieth shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kwenye sinia la vijana watatu. Wakala ugali na mboga ya mgagani mpaka sinia likang'aa. Kisha Honoratha akasimama, akatoa kadi aliyoinunua ili itobolewe.

"Kadi yako ya nini tena, mwalimu?" Elieth alimuuliza. "Sinia lenu limeshatobolewa. Leo ni zamu ya huyu Simioni."

Honoratha akaketi tena taratibu, akaomba aelezwe vizuri.

Akaelezwa. Wanne wakija pamoja dirishani, Elieth huwapa sinia moja na kutoboa kadi moja. Kesho yake hutoboa ya mwingine, ili asionekane anampendelea mtu. Hakuna aliyeibiwa, maana kadi zote zilikwisha kulipiwa. Ila vijana 192 waliokula kwenye masinia 48 walihesabiwa kuwa watu 48; waliokuja mmoja mmoja ndio waliofikisha ile 86.

"Kwetu ugali unatengwa kwa sinia. Anayekula peke yake ni mgonjwa," anasema Elieth. "Wao waliniambia nitoboe kila mlo. Sinia ni mlo mmoja. Mimi ningejuaje kwamba wanahesabu midomo?"

Honoratha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Elieth hakucheka. Alijifunga khanga upya, akaenda nyuma ya jiko, akalia peke yake kwenye kuni. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa anajirudisha kwenye mawe, na zilibaki siku tisa.

Kesho yake walijaribu kumpa kila mtu sahani yake. Vijana walizipokea kwa adabu, wakafika mezani, wakayakusanya matonge yote kwenye sahani moja. Kutwa nzima Neema aliosha vyombo akinung'unika.

Usiku Elieth hakuwaza mawe, aliwaza bomba. Mtu anaweza kula bila sahani, lakini hapa hakuna agusaye ugali bila kunawa. Asubuhi akaihamisha panchi ya kutobolea kadi kutoka dirishani, akaifunga kwa kamba kwenye bomba la kunawia. Masinia yakarudi.

"Nawa, mura, leta kadi," anamwambia kijana wa kwanza leo, akimwita kama wamwitavyo kijana wa Kikurya. Panchi inalia. Anayefuata ananawa.

Kwa siku hizo tisa wastani ulikuwa watu 231. Tatizo ni zile kumi na moja za mwanzo, ambazo zikichanganywa humo zinaivuta hesabu nzima chini ya mia mbili. Honoratha ameandika barua ya kurasa mbili akieleza habari ya masinia, na kuiambatanisha na sahihi yake kama mtu aliyekula. Baraza linakaa Jumatatu.

Elieth anasema anaogopa, wala hafichi. Lakini wakimwachia jiko, anapanga kulima mgagani nyuma ya bweni na kuomba masinia kumi zaidi.

Bombani amefika Daudi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye utaratibu mpya haumlazimishi kitu. Kadi ameinunua mwenyewe. Elieth anaitoboa kwa utulivu kuliko zote, kisha anamsindikiza kwa macho mpaka anapochuchumaa penye sinia la wenzake.

"Umemwona huyo?" anauliza. "Natamani siku moja waifute hiyo lazima yote, na foleni ibaki pale pale."