Kuni Walizomletea Kaka

Mimi nikiogopa nacheka. Si tabia mbaya, ni ugonjwa, na ukoo mzima umeshindwa kunitibu. Nilicheka mbele ya askofu siku ya kipaimara, nilicheka nilipong'olewa jino, na Mungu anisamehe, nilicheka siku redio iliposema ardhi imetetemeka Japani, bahari ikapanda nchi kavu na kubeba watu. Wakati huo nilikuwa nafua mashuka kwenye hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Redio ilikuwa ya mpishi, na aliponiona nimejishika mbavu, machozi yananitoka, akaniuliza kulikoni mbona na yeye haambiwi. Nikamwambia kaka yangu yuko huko. Masikini mpishi wa watu, akazima redio, akatoka mbio na aproni yake kunitafutia lori la mboga lililokuwa linarudi Karatu tupu.

Kaka alikuwa amepelekwa na serikali kusomea pampu za maji. Tulichojua ni kwamba yuko mji wa pwani. Jina la mji wenyewe kila mtu pale nyumbani alilitamka kwa namna yake, na kila mmoja aliapa ni yeye anayepatia. Habari za pwani zilikuwa hazitusumbui. Sisi ni watu wa mlimani, upande wa Qurus, bahari tuliiona kwenye ramani ya darasani, imepakwa rangi ya buluu, imetulia.

Nilishuka njia panda nikapanda kwa miguu. Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu umelala juu ya mahindi, na njia nzima nilikuwa nasali na kucheka, kusali na kucheka. Nilipofika uani nikakuta baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, kashatangulia. Baba mkubwa alikuwa mtu wa haraka, hata harusini alifika kabla ya bibi harusi kuoga. Alikuwa amesikia habari dukani, na begani alikuwa na gogo.

Kwetu msiba ukitokea, kila mwanamume anakuja na gogo lake. Magogo yanawashwa uani, watu wanakaa kuuzunguka moto, na moto ule hauzimwi mpaka matanga yaishe. Kwa hiyo gogo begani ni salamu tosha, huna haja ya kusema neno. Nyuma ya baba mkubwa walikuwa wanakuja majirani, mmoja mmoja, wanatokeza kwenye ukungu na magogo yao. Wengine walikuwa wametoka mbali, huko Buger. Kila aliyefika alitupa gogo, pu, akavua kofia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Hakuwa analia. Alingoja kuni zikawa lundo, ndipo akasema.

"Kuni nimezipokea, shemeji, asanteni. Moto hauwashwi. Moto ni wa aliyekufa, na mimi sijaambiwa nani amekufa."

Basi hapo mambo yakawa mambo. Kuondoka hawawezi, maana je, kama kweli kijana amekufa? Kukaa msiba hawawezi, maana mwenye mtoto amekataa. Wakakaa hivyo hivyo kuzunguka lundo la kuni kavu nzuri, katika baridi ile ya kukata masikio, bila moto. Viberiti miaka ile vilikuwa adimu, ukivikuta dukani unamshukuru Mungu, na mtaa mzima tulikuwa tunaombana makaa. Makaa ya karibu yalikuwa jikoni kwa mama, na mama alikuwa ameweka kigoda mlangoni, kakaa, mwiko mkononi. Chai alitoa, makande alitoa, makaa hakutoa. Baba mkubwa akajaribu ujanja, akaomba kakaa kamoja tu ka kuwashia sigara. Mama akamwashia mwenyewe, kisha akasimama pembeni yake mpaka sigara ikaisha, akakanyaga kichungi kwa kisigino, akarudi kwenye kigoda chake.

Ugonjwa wangu ukaanza kunipanda.

Kilichonimaliza ni habari za bahari. Pale uani mtu pekee aliyewahi kuiona ni baba mkubwa, aliyekata mkonge Tanga ujanani. Wakamwuliza, meno yanagongana, bahari inapandaje nchi kavu. Akaeleza kwamba hilo si ajabu, bahari hata siku za kawaida inaondoka, watu wanatembea ilipokuwa, halafu inarudi. Wakamkatalia. Jirani mmoja akauliza inaondoka inakwenda wapi. Mwingine akataka kujua ikirudi inajuaje pa kuishia, maana ng'ombe wake mwenyewe wanaolala hapo kila siku hawajui mpaka wa shamba. Baba mkubwa akakasirika, akasimama ndani ya blanketi lake kuonyesha kwa mikono inavyokuja na inavyokwenda, akajikwaa kwenye gogo alilolileta mwenyewe, akaenda chini na bahari yake yote.

Nikapasuka. Mke wa jirani akanifinya paja, na yeye akaambukizwa, akajifunika kanga usoni, mabega yanamruka. Ikasambaa. Wanaume wazima wakawa wanacheka chini chini ndani ya mablanketi. Msibani ungefukuzwa kwa utovu wa adabu kama ule, lakini msiba wenyewe haukuwepo, maana moto haukuwepo, na hakuna aliyejua atuhukumu kwa sheria gani. Na katikati ya kucheka huko nilikuwa nawaza kaka yangu amevimba majini, nikazidi kucheka, kifua kinaniuma kweli kweli.

Hapo ndipo alipofika rafiki wa marehemu baba, mfugaji kutoka Ngorongoro, kaswaga mbuzi kutoka huko juu kuja kutupa pole. Akakuta watu wanacheka kuzunguka lundo la kuni. Kwa heshima akamvuta baba mkubwa kando amwulize mbuzi huyu ni wa kulia au wa kufurahi, asije akakosea. Baba mkubwa akageuka kumtazama mama. Mbuzi naye hakungoja, akajichomoa, akapanda lundo, gogo baada ya gogo, akasimama kileleni anatuangalia.

Mama akamtazama yule mbuzi.

"Mwanangu naye atakuwa amepanda," alisema. "Ana akili kumzidi huyu." Akacheka. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mama alipocheka.

Tulikaa hivyo siku na siku, watu wanakuja na magogo, wanakwenda kukamua, wanarudi. Halafu asubuhi moja tukamwona mtu wa posta anasukuma baiskeli kwenye tope la mteremko. Kila mtu akasimama na blanketi lake. Ilikuwa simu ya maandishi, nikapewa mimi nisome kwa sababu nilikuwa nimesoma. Nikasoma neno la kwanza: NIMEPONA.

Sikupewa nafasi ya la pili. Vigelegele vilitoka hata kwa watu ambao sikujua wana koo. Baba mkubwa alimbeba mtu wa posta juu juu, na baiskeli. Mfugaji aliruka palepale alipo, wima, mara tatu nne. Mama alinikumbatia akanizungusha, tukaanguka, tukacheka chini kwenye tope. Karatasi nilikuwa nimeishika juu isilowe, na macho yangu yalikuwa yameshaona mstari uliobaki.

Mama akaniona usoni. Akasema, "Soma yote."

Nikasoma. BIBI MWENYE NYUMBA MAJI YAMEMCHUKUA.

Huyo bibi lazima nieleze habari zake. Kaka alikuwa amepanga chumba kwake, na kila alipotuandikia ilikuwa ni bibi hivi, bibi vile. Bibi amemwekea chakula alipochelewa. Bibi amemfumia sweta. Mama alikuwa hampendi hata kidogo. Alisema mwanawe ana mama mmoja na sweta anazo, na nikifika mahali pa bibi ananiambia niruke, nisome mbele.

Watu walinyamaza, ila kwa shukrani, unajua, wanangoja kwa adabu waendelee kufurahi. Mama akajipangusa tope mikononi, akaingia jikoni. Akatoka na makaa kwenye kigae. Akapiga magoti mbele ya lundo, akayasukuma chini ya magogo, akapuliza mwenyewe mpaka yakashika.

Baba mkubwa akamwuliza, taratibu kabisa, hata sikuwa najua ana sauti ile, kwamba kijana ni mzima, sasa moto ni wa nani. Maana kwetu anayewasha moto hana budi kuwaambia watu marehemu alikuwa nani.

"Ni mwenzangu," mama alisema. "Jina lake silijui. Mwanangu alikuwa anakula kwake, na mimi nilikuwa namwonea wivu. Kaeni."

Wakakaa. Na hapo ndipo mama alipolia, kwa sauti, kama mtu anayemlilia dada yake.