Pesa Zilale Siku Tisini

Mtaani walimwita Mama Makochi, na hakulikataa jina hilo kwa sababu lilimtangaza bure. Alianza na viti viwili vya plastiki vilivyovunjika miguu, akavifunga waya, akaviuza. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa na duka la samani za mitumba lenye milango mitatu, makochi yamepandana mpaka darini, wateja wanapita katikati kwa ubavu. Humo mlikuwa na kila kitu isipokuwa pesa taslimu. Zilizotokana na kabati lililouzwa asubuhi zilikuwa zimenunua meza kabla ya saa sita. Pesa za kukaa, kwake, zilikuwa pesa zilizoharibika.

Sasa binti yake wa pekee akapata nafasi ya kusomea famasia ng'ambo. Chuo kilimpa ufadhili wa nusu ada. Nusu ya pili, pamoja na chakula na kodi ya chumba, ilibidi wajitafutie wenyewe. Mkopo wa wanafunzi wa serikali uliwahusu wanaosoma nchini tu. Shirika moja la misaada lilituma mkaguzi, akachungulia dukani, akaandika kwamba mzazi anajiweza. Benki ikataka hati ya nyumba, nao walikuwa wapangaji. Kwa shirika mama alikuwa tajiri mno, kwa benki fukara.

"Basi," akasema, "wote waachie hapo hapo. Nauza."

Aliuza miezi miwili bila kununua hata stuli, mpaka duka likaanza kutoa mwangwi. Kiasi kikatimia, kikaingia benki. Ndipo binti akamsomea masharti ya viza: kiasi chote kikae kwenye akaunti siku tisini mfululizo, kisipungue.

"Kikae kikifanya nini?"

"Kikae tu, mama."

"Miezi mitatu? Pesa nzima zilale kama mgonjwa?"

"Wanataka kuhakikisha ni zako kweli. Watu wanaazima, wanaonyesha, halafu wanarudisha."

"Na nikiwaonyesha duka?"

"Mama!"

"Haya, haya. Zilale."

Zikalala. Siku ya sitini na moja, hoteli moja ng'ambo ya barabara ikafungwa, na mwenyewe akawa anaondoa vitanda arobaini na magodoro yake kwa bei ya kutupwa. Alitaka taslimu, kabla ya jioni. Mama Makochi alivizunguka mara mbili, akabonyeza magodoro, akainama kutazama chaga. Hesabu iliisha kichwani kabla hajafika mlangoni: akivichukua leo, bweni la chuo cha ualimu litavibeba keshokutwa, na faida yake ni tiketi ya ndege. Mwenye akili timamu gani angeviacha? Alitoa karibu pesa zote. Siku nne baadaye akazirudisha na nyongeza juu. Binti hakuambiwa. Alitaka kumshtukiza na tiketi.

Zilipotimia siku tisini kwa hesabu yake, wakasimama wawili hao kwenye dirisha la ofisi ya viza. Karani, mwanamume mwenye tai na mafua, alishuka na kidole kwenye taarifa ya benki, kidole kikasimama.

"Hapa zilitoka."

Binti akamgeukia mama yake.

"Zikarudi, baba," akasema mama. "Shuka mistari miwili. Zimerudi zimenenepa."

"Naziona. Lakini siku zinahesabiwa upya tangu ziliporudi. Una ishirini na tano."

"Chuo kinafungua baada ya wiki tano!" akasema binti.

"Ngoja, wewe." Mama akaegemea dirisha. Hapo, kwenye kupatana, ndipo alipokuwa mwalimu. "Mnataka kiasi gani? Ninacho, na robo yake zaidi."

"Si kiasi, mama," akasema karani. "Ni siku."

"Siku zilizopungua ni nne. Nitakuongezea kumi. Nitakaa hapo kwenye benchi, nizisubiri ukiniona."

Watu wa foleni wakacheka. Karani hakucheka.

"Ingekuwa juu yangu ningekupitisha."

"Basi iko juu ya nani? Niitie huyo wa ndani."

"Ndani hakuna mtu. Najaza tarehe, mashine inakataa." Akamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Palikuwa na kisanduku chekundu, basi.

Miaka yote ile Mama Makochi hakuwahi kukutana na mlango usio na mwenyewe nyuma yake. Kila muuzaji ana bosi, kila bosi ana shida, na mwenye shida huzungumzika.

Nje, binti alitembea mbele mpaka kwenye kona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza."

"Ndiyo. Ningekukataza."



Binti aliandikia chuo, akaomba achelewe miezi miwili. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, wakiwa dukani. Alilisoma kwa Kiswahili, taratibu, kama anamsomea mtu kipimo cha hospitali: nafasi haisogezwi, ufadhili hauhamishwi, aombe upya mwakani na ashindanishwe na wengine.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Nani kaandika?"

"Hakuna jina. Idara tu."

"Simu yao?"

"Hawakuweka."

"Basi waandikie. Waambie kosa ni la mama, mtoto hana habari. Waambie nitaongea nao mwenyewe, wewe utafsiri."

"Mama, chini hapa wamesema ujumbe huu usijibiwe. Anwani haipokei."

"Haipokei vipi, nao wametuma?"

Binti akampa simu, akaenda kukaa kwenye kochi la mwisho, uso ukutani. Mama Makochi, ambaye lugha ile hakuijua hata neno, aliupandisha ujumbe kwa kidole, akaushusha, akaupandisha tena, akimtafuta mtu.